Saratani ya utumbo mpana: somo lililotoka Mulago na wajibu wa askari

Kwa muda mrefu saratani ya utumbo mpana ilihesabiwa kuwa ni maradhi ya wazee wa nchi tajiri. Hesabu hiyo haifai tena. Mwaka 2024 Chama cha Saratani cha Marekani kilitangaza kwamba miongoni mwa wanaume wa nchi hiyo walio chini ya umri wa miaka 50, hakuna saratani inayoua watu wengi kuliko hiyo. Na kwa wanawake wa umri huo huo inashika nafasi ya pili. Mwaka uliotangulia chama hicho kilieleza kwamba mnamo 1995 wagonjwa wapya waliokuwa chini ya miaka 55 walikuwa 11 katika kila 100, na ilipofika 2019 walikuwa 20 katika kila 100.

Umri ulio chini ya miaka 50 ndio umri wa kubeba silaha, kulinda mipaka na kushika doria. Kwa hiyo habari hii, ijapokuwa imetoka ng'ambo, yawahusu moja kwa moja wanajeshi na polisi.

Duniani kote, katika mwaka 2022, watu zaidi ya 1,900,000 waligunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana au ya puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo iliyo karibu na njia ya haja kubwa. Watu wapatao 900,000 walikufa kwa ajili yake. Kwa wingi wa wagonjwa ni saratani ya tatu. Kwa wingi wa vifo ni ya pili, nyuma ya saratani ya mapafu peke yake. Afrika ya Mashariki bado ina wagonjwa wachache ikilinganishwa na Ulaya na Marekani, lakini madaftari ya saratani ya nchi kadhaa za bara letu yanaonyesha kwamba idadi inapanda, na madaktari wetu hawastaajabu tena kumpokea mgonjwa wa miaka 30 na kitu au 40 na kitu.

Hapana budi basi tuulize mambo mawili. Kwa nini maradhi haya yalitupita hapo zamani? Na kwa nini sasa yanatujia? Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba jawabu la swali la kwanza lilianza kutafutwa hapa hapa Uganda, na waliolitafuta walikuwa pamoja na madaktari waliowahi kuvaa sare.

Daktari wa jeshi na pumba za ngano

Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland. Katika Vita Kuu ya Pili alitumikia kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza, na baada ya vita, mwaka 1946, alikuja Uganda akapelekwa Lira. Baadaye alihamia hospitali ya Mulago, Kampala. Ulimwengu wa tiba unamkumbuka kwanza kwa uvimbe wa taya za watoto alioueleza mwaka 1958, ambao mpaka leo waitwa kwa jina lake. Lakini kuna jambo la pili alilolichukua kutoka Uganda. Katika miaka karibu 20 ya kupasua matumbo ya wananchi wa nchi hii, aliona kwamba saratani ya utumbo mpana, iliyokuwa imezagaa kwao Uingereza, kwetu ilikuwa nadra mno.

Aliporudi Uingereza mwaka 1966 alikutana na mawazo ya Kapteni T. L. Cleave, daktari wa jeshi la wanamaji. Cleave alikuwa ameona jinsi mabaharia wa manowari King George V walivyofunga choo kwa kula vyakula vilivyokobolewa, akawapa pumba za ngano, wakapona. Alishikilia kwamba maradhi mengi ya nchi tajiri yanatokana na desturi ya kuondoa ganda la nafaka na kubakiza unga mweupe na sukari. Burkitt aliyaunganisha mawazo hayo na yale aliyoyaona Mulago. Mwaka 1971 aliandika kwamba uchache wa saratani ya utumbo katika Afrika unatokana na chakula chenye nyuzinyuzi nyingi: nafaka isiyokobolewa, maharagwe, viazi, mboga za majani na matunda.

Mwaka 1972 yeye na wenzake walitoa vipimo. Kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilichukua wastani wa saa 36 hivi kupita tumboni mpaka kutoka. Kwa mabaharia wa Uingereza na wake zao kilichukua zaidi ya saa 80. Mwanakijiji alitoa choo cha gramu 470 kwa siku. Baharia gramu 104. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: uchafu unaokaa siku tatu na zaidi ndani ya utumbo una nafasi kubwa ya kuudhuru ukuta wake kuliko uchafu unaopita haraka.

Pingamizi na ushahidi mpya

Haki yataka tuseme kwamba hoja hiyo haikukubaliwa na wote. Wako waliosema kwamba katika siku zile wananchi wengi walikufa kabla ya kufikia umri wa kupata saratani, na wengine hawakufika hospitali kabisa. Tena mwaka 2000 yalitolewa matokeo ya majaribio mawili makubwa ya Marekani. Watu waliokwisha kuondolewa vinyama vya utumboni walipewa nyuzinyuzi zaidi kwa miaka mitatu au minne. Vinyama viliota tena kama kwa wale ambao hawakupewa. Wengi walidhani kwamba huo ndio mwisho wa mawazo ya Burkitt.

Lakini miaka mitatu au minne ni muda mfupi kwa maradhi haya. Saratani ya utumbo kwa kawaida huanza kama kinyama kidogo kisichouma, kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo. Kwa walio wengi kinyama hicho huchukua miaka 10 hivi, au zaidi, mpaka kigeuke saratani. Uchunguzi uliofuata watu kwa miaka mingi umerudi upande wa Mulago. Mwaka 2019 jarida la tiba la Lancet lilitoa majumuisho ya uchunguzi mwingi, yakaonyesha kwamba wanaokula gramu 25 hadi 29 za nyuzinyuzi kwa siku, au zaidi, hupatwa na saratani ya utumbo mpana, kisukari na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko wanaokula kidogo.

Ushahidi mwingine ni ule wa mwaka 2015. Wataalamu waliwachukua Wamarekani weusi 20 wa mji wa Pittsburgh na Waafrika 20 wa vijijini Afrika ya Kusini, wakawabadilishia chakula kwa wiki mbili. Wamarekani walilishwa chakula cha kijijini, nyuzinyuzi zikapanda kutoka gramu 14 hadi 55 kwa siku. Waafrika walilishwa chakula cha Kimarekani, nyuzinyuzi zikashuka kutoka gramu 66 hadi 12, na mafuta na nyama vikaongezeka. Kabla ya hapo, walipochunguzwa, karibu nusu ya Wamarekani walikutwa na vinyama utumboni; kwa Waafrika hakikuonekana hata kimoja. Katika wiki mbili tu, hali ya ukuta wa utumbo ilianza kubadilika. Kwa Wamarekani dalili za hatari zilipungua. Kwa Waafrika zilizidi.

Sababu yake imekwisha kueleweka kwa sehemu kubwa. Tumboni mwetu wamo vijidudu visivyo na idadi. Vikipata nyuzinyuzi hutengeneza asidi inayolisha na kutuliza ukuta wa utumbo. Vikikosa nyuzinyuzi na kupewa nyama na mafuta tele, hutengeneza vitu vinavyouchoma ukuta huo. Makundi yote mawili yalikuwa ya watu wenye asili ya Afrika. Damu yao haikuwalinda wala kuwaponza, bali sahani. Jambo kama hilo limeonekana pia kwa Wajapani waliohamia visiwa vya Hawaii, ambao katika muda wa kizazi kimoja tu walifikia kiwango cha saratani ya utumbo cha wenyeji wao wapya.

Mahali hatari inapoingilia

Sasa tutazame hali ya askari. Kuruta hula posho na maharagwe, hukimbia alfajiri, hutembea na mzigo mgongoni, na fedha zake hazimruhusu anasa. Chakula hicho anachokinung'unikia ni ngome. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10 za nyuzinyuzi, kiasi kinachokaribia nusu ya mahitaji ya siku. Kwa mintarafu ya utumbo, kuruta yu salama kuliko wakubwa wake wengi.

Hatari huja pamoja na cheo, au pamoja na uhamisho wa kwenda ofisini, au pamoja na pensheni. Mtu aliyetembea sasa hupanda gari. Aliyekimbia sasa hukaa mezani tangu asubuhi mpaka jioni. Maharagwe huonekana ni chakula cha wanyonge, na heshima ya mtu hupimwa kwa nyama choma aliyoiagiza na chupa zilizopangwa mbele yake. Mshipi wa sare hutolewa tundu jipya mwaka hata mwaka, na wenziwe humsifu kwamba mambo yamemnyookea. Si kila mwenye cheo yuko hivyo. Lakini hapana asiyemjua mmoja aliye hivyo.

Tuyataje mambo yenyewe moja moja, kwa uzito wa ushahidi wake.

Nyama iliyosindikwa, kama vile soseji, bekoni na nyama za makopo, iliwekwa mwaka 2015 na shirika la uchunguzi wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani katika orodha ya vitu vinavyojulikana kwa yakini kuleta saratani. Gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo kwa asilimia 18 hivi. Nyama nyekundu, yaani ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, iliwekwa katika daraja la vitu vinavyoelekea kuleta saratani. Hakuna anayesema nyama iachwe kabisa. Ina madini ya chuma na protini ambavyo mwili wahitaji. Ushauri wa wataalamu ni kwamba isizidi gramu 350 hadi 500 zilizopikwa kwa wiki. Aidha nyama ikiunguzwa juu ya makaa hata ikawa nyeusi, sehemu ile nyeusi ina sumu zake.

Pombe ni ya pili. Ushahidi ni thabiti kwamba anayekunywa gramu 30 za kilevi kwa siku, au zaidi, anajiongezea hatari. Chupa moja ya bia ya nusu lita, yenye kilevi cha asilimia 5, ina gramu 20 hivi. Kwa hiyo chupa mbili kila jioni zimekwisha kuvuka mpaka huo. Waragi huuvuka upesi zaidi, kwa kuwa kipimo chake kidogo kina kilevi kingi.

Tumbaku, ambayo wengi huihusisha na mapafu tu, nayo imethibitika kuleta saratani ya utumbo. Unene wa tumbo ni jambo jingine lenye ushahidi wa kutosha, na kukaa kitako siku nzima huenda pamoja nao.

Liko na jambo ambalo askari hawezi kulikwepa. Mwaka 2019 shirika lile lile la uchunguzi lilirudia uamuzi wake kwamba kazi ya zamu za usiku huelekea kuleta saratani. Nayo ya utumbo imetajwa miongoni mwa zile zilizoonyesha uhusiano, ijapokuwa ushahidi wake haujakamilika. Lindo la usiku haliwezi kufutwa. Lakini anayelazimika kubeba hatari moja kwa ajili ya kazi, yampasa apunguze zile nyingine zilizo mikononi mwake. Anayetoka lindoni asubuhi akaenda moja kwa moja kwenye chupa na sigara anajiongezea mzigo juu ya mzigo.

Mazoezi kama dawa

Upande wa kinga, mazoezi yana nafasi ya mbele. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2020 kwamba mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka kwa nusu saa, siku tano za wiki, kunatosha kuanzia.

Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa Kanada, Australia na nchi nyingine. Wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, waliokwisha kupasuliwa na kumaliza dawa, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa vitabu vya mafundisho ya afya tu. Kundi la pili lilifanyishwa mazoezi chini ya uangalizi kwa miaka mitatu. Baada ya miaka minane, katika kila 100 waliofanya mazoezi walikuwa hai 90. Katika kundi la vitabu walikuwa hai 83. Tofauti hiyo ya watu saba katika mia ni kubwa. Ikiwa mazoezi yanamsaidia hivyo mtu aliyekwisha kuugua, ofisa mzima wa afya hana sababu ya kuyaachia makuruta.

Damu isiyosemwa

Tumezungumza juu ya kinga. Lakini wako watakaougua hata wakila vizuri, maana umri na urithi wa ukoo navyo vina sehemu yake. Kwa hao, jambo la kufa na kupona ni kugunduliwa mapema. Huko Marekani, saratani ya utumbo ikikutwa ingali mahali pake ilipoanzia, zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100 huishi miaka mitano na zaidi. Ikikutwa imekwisha kusambaa hadi kwenye ini au mapafu, hubaki 15 hivi. Katika nchi zetu wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa katika hali hiyo ya pili.

Sehemu ya sababu ni umbali wa hospitali na upungufu wa vifaa. Sehemu nyingine ni haya. Askari aliyefundishwa kustahimili maumivu, na kutolalamika mbele ya wenziwe, akiona damu katika choo hunyamaza. Hujiambia kwamba ni bawasiri. Hununua dawa ya kupaka dukani, au dawa ya miti shamba, na miezi hupita. Ushujaa wa namna hiyo hauna faida kwa mtu yeyote.

Ni kweli kwamba damu katika choo mara nyingi si saratani. Yaweza kuwa bawasiri, au amiba, au kuhara damu. Kwa waliotumikia kandokando ya ziwa Victoria, ziwa Albert au mto Nile, yaweza kuwa kichocho cha tumbo, ambacho kina dawa yake. Lakini hakuna awezaye kuyatofautisha kwa kukisia. Hata kipimo cha choo kikionyesha kichocho, damu ikiendelea baada ya tiba, mgonjwa arudi.

Dalili nyingine za kuangaliwa ni hizi: mabadiliko ya choo yanayodumu zaidi ya wiki tatu au nne, kama vile kuharisha na kufunga kwa kupokezana, choo kuwa chembamba kuliko kawaida, hisia kwamba haja haikwishi, maumivu ya tumbo yasiyokwisha, kukonda bila sababu, na kuchoka kunakotokana na upungufu wa damu. Mwanamume mzima aliyepungukiwa damu bila sababu inayojulikana asipewe vidonge vya kuongeza damu akaachwa; atafutwe mahali damu inapovujia.

Upo pia upimaji wa wasio na dalili. Marekani mwaka 2021 ilishusha umri wa kuanza kupimwa kutoka miaka 50 hadi 45. Hutumiwa kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, au mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa katika njia ya haja kubwa. Mrija huo una faida kubwa: daktari akiona kinyama hukikata papo hapo, na saratani iliyokuwa itokee baada ya miaka 10 haitokei. Nchi nyingi za Afrika hazina mpango wa taifa wa kuwapima wananchi wote kwa njia hii, na mirija hiyo hupatikana katika hospitali kubwa tu. Lakini mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata saratani hii asingojee mpango. Amweleze daktari, naye aanze kupimwa akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake alipatikana na ugonjwa, kwa kufuata ule utakaotangulia. Uganda ina Taasisi ya Saratani iliyopo Mulago tangu 1967, na huko ndiko wagonjwa wa namna hii huelekezwa kwa tiba.

Wajibu wa wakubwa na wadogo

Askari mmoja mmoja ana wajibu wake, lakini jeshi na polisi ni jamii yenye amri, na mambo mengi ya maisha ya askari huamuliwa na wakubwa wake. Mkuu wa kikosi anaweza kuagiza unga usiokobolewa sana na mboga za majani katika bwalo bila kuongeza gharama kubwa. Anaweza kutazama ni kitu gani kinachouzwa kantini. Anaweza kuwatoa maofisa wa mezani wakimbie pamoja na vijana, naye akawa wa kwanza katika mstari. Zahanati ya kambi inaweza kuhakikisha kwamba askari anayesema juu ya choo chake anasikilizwa faraghani, na kwamba maneno yake hayageuki kichekesho cha bwaloni.

Askari naye ana mambo machache ya kushika. Asiyadharau maharagwe anapopanda cheo. Nyama iwe kitoweo kando ya mboga na nafaka. Pombe aipunguze, tumbaku aiache. Mwili uliofunzwa kwa gharama ya taifa asiulaze kitini. Na akiona damu, aende akaseme siku hiyo hiyo.

Burkitt alifariki mwaka 1993, na hoja yake ingali inajadiliwa katika baadhi ya vipengele. Lakini msingi wake umesimama: chakula cha kawaida cha wananchi wa nchi hii kilikuwa kikiwalinda bila wao kujua. Mataifa tajiri sasa yanatumia fedha nyingi kuwarudisha watu wao kwenye nafaka nzima na kunde. Kwetu vitu hivyo bado vimo shambani na sokoni, tena kwa bei ambayo koplo aimudu. Itakuwa hasara kubwa tukiviacha katika miaka hii hii ambayo wengine wamekuja kujua thamani yake.